Besi inapotea katikati ya studio, kwenye kona inajaa: naombeni ushauri

FundiMikanda: Wakuu, salaam. Nina kastudio Sinza, chumba cha mita 3.4 kwa 2.9. Mpiga gitaa la besi akigusa noti ya G ya chini, mimi niliye mezani katikati ya chumba siisikii. Mteja aliyekaa kona inamtikisa kifua. Miksi ikichezwa kwenye gari, besi imezidi. Nimebandika sponji za sentimita 5 ukuta mzima, bado. Eti kuna spika zinazomeza sauti? Zitanisaidia na jenereta ya jirani pia?

ChaiMoto: Trei za mayai mkuu, bei chee.

MzeeWaKoili: Trei waachie kuku. Mdogo wangu, sauti inakwenda kama mita 345 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya mita 3.4, unapata karibu Hz 51 (mitetemo kwa sekunde), ndiyo sauti ambayo chumba chako kinaikuza chenyewe. G ya chini ni Hz 49. Noti hiyo inajaa ukutani na kufa katikati, hapohapo ulipoweka kiti! Urefu wa wimbi lake ni mita 7. Sponji ya sentimita 5 hailigusi.

Spika za kumeza zipo, watafiti Olson na May waliandika habari zake tangu 1953. Ya kienyeji ni hivi: wufa (spika ya besi) ndani ya boksi lililozibwa, waya zake unaziunganisha na rezista (kipingamizi cha umeme), hakuna amplifaya. Sauti inasukuma koni ya spika, koili ya waya iliyo nyuma yake inazalisha umeme, rezista inaugeuza joto. Boksi dogo linapandisha Hz ambazo spika inazimeza, kubwa linazishusha. Kapasita ukiiunga kwenye waya hizo nayo inazishusha kidogo. Za kisasa zina maiki na amplifaya ya kuiendesha koni. AVAA ya PSI Audio, Uswisi, inafanya kazi kama Hz 15 hadi 150, ila bei yake utauza studio.

Jenereta sahau. Spika ya kumeza inapunguza mrindimo wa chumba, haizuii kelele kuingia.

FundiMikanda: Asante mzee. Nina wufa mbili za inchi 12 zimelala. Rezista ya ohm ngapi?

MzeeWaKoili: Usinunue kwanza. Sogeza kiti, kikae mita 1.3 hivi toka ukuta wa mbele, usikilize. Kisha weka boksi konani, pima kwa REW, programu ya kompyuta ya kupimia sauti ya chumba, ni ya bure: waya za wufa zikiwa wazi, zikiwa shoti (zimegusana), halafu ohm 8, halafu 4. Tuletee grafu.

ChaiMoto: Na trei nirudishe?