Mita inakata hela na sijawasha kitu

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Leicester, Uingereza, mimi na wanangu wawili, mdogo ana mwaka mmoja. Umeme ni wa funguo na gesi ni ya kadi, zote za kulipia kabla: unavijaza hela dukani, kisha unavichomeka kwenye mita. Juzi nimeweka pauni 20 za gesi dukani, kufika nyumbani mita inasoma pauni 11. Sijawasha hita wala jiko. Mwenye nyumba anasema mita za hapa ndivyo zilivyo. Ni kweli? Na nikitaka kuhama kampuni, lazima aniruhusu?

Dada yenu, Leicester

---

Marahaba mwanangu, karibu Leicester.

Alichokwambia mwenye nyumba kina ukweli kidogo tu. Sisi tuliozoea LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, tunajua ukinunua yuniti unazitumia mpaka ziishe. Hapa mita ya kulipia kabla inatumika pia kukusanya madeni: kampuni inaipanga ikate kiasi fulani kidogo kidogo mpaka deni la nyuma liishe. Mpangaji akiondoka bila kumaliza, na wewe ukaendelea na kadi aliyoiacha, deni lake unalilipa wewe. Inawezekana pia alitumia mkopo wa dharura, zile pauni chache mita inazokukopesha salio likiisha, nazo hukatwa mara tu hela ikiingia.

Kwa hiyo kadi hiyo na funguo hiyo usiviwekee hela tena kabla hujaongea na kampuni. Leo hii piga picha mita zote mbili, namba zake na deni linaloonekana ukibonyeza kitufe. Piga picha na ukurasa wa mkataba wenye tarehe uliyoingia. Kisha wapigie, uwaambie: mimi ni mpangaji mpya tangu tarehe fulani, deni hili si langu, naomba mlitoe kwenye mita, mnipe kadi na funguo mpya, na mnirudishie mlichokata. Sema bila woga, maana hulazimiki kulipia gesi aliyochoma mtu mwingine kabla hujaingia. Andika jina la aliyekuhudumia na saa, halafu yaleyale uwatumie kwa barua pepe. Inaniuma kuona vijana wetu, wanaorudi usiku wamechoka kutoka kwenye nyumba za wazee, wanalipa madeni ya watu wasiowajua kwa sababu tu waliona aibu kuuliza.

Waambie mapema kwamba una mtoto wa mwaka mmoja na gesi inaweza kuisha. Omba pia uandikishwe Priority Services Register, orodha ya wateja wanaohitaji msaada zaidi. Ni bure, na wenye watoto chini ya miaka 5 wanaruhusiwa.

Ule ukweli kidogo ni ada ya kila siku. Hiyo hukatwa uwashe usiwashe. Watu wengi kiangazi hawaigusi gesi, ada inajikusanya kimyakimya, baridi ikianza wanaweka pauni 20 na sehemu kubwa inamezwa. Weka kidogo kidogo hata Julai.

Mama, Coventry

---

Shikamoo mama, umemaliza. Mimi naongezea la kuhama kampuni.

Dada, kama wewe ndiye unayelipa kampuni moja kwa moja, kuchagua kampuni ni haki yako. Ukitaka kubadilisha mita yenyewe iwe ya kulipa kila mwezi, hapo soma mkataba na umwandikie mwenye nyumba kwanza.

Wakikuzungusha, fungua malalamiko rasmi. Zikipita wiki 8 bila suluhu, peleka kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru kati ya wateja na kampuni za umeme na gesi. Hakutozi kitu, na ukikubali uamuzi wake kampuni inabanwa kuutekeleza. Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, nao wanasaidia bure.

Wenye mita za kawaida nao wajue: kampuni ikikosea yenyewe isikutumie bili sahihi, haiwezi kuja kukudai umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 iliyopita. Na kile kikomo cha bei cha Ofgem, msimamizi wa kampuni za umeme na gesi, kinachotangazwa kwenye habari kinahusu bei ya yuniti na ada ya siku. Bili yako haina kikomo, ukichoma zaidi unalipa zaidi. Wengi hapa wanaelewa kinyume.

Kaka, Reading

---

Ahsanteni sana. Nimewapigia leo asubuhi, picha zimenisaidia mno. Wamekubali deni ni la aliyetoka, kadi mpya inakuja kwa posta na hela yangu itarudishwa. Umeme nao ulikuwa na deni, dogo.

Sasa imekuja barua ya kodi ya kansoli, ile ya nyumba inayolipwa halmashauri ya mji, wameniandikia kiasi kizima. Nami ni mtu mzima peke yangu humu ndani.

Dada, Leicester

---

Mwanangu, watoto chini ya miaka 18 hawahesabiwi, kwa hiyo una haki ya punguzo la asilimia 25. Ingia tovuti ya kansoli yako uombe leo, usingoje wakugundue wenyewe. Kodi hiyo kwa kawaida hugawanywa mara 10 kwa mwaka. Ukiona nzito, omba igawanywe mara 12. Na siku akihamia mtu mzima mwingine, waarifu mara moja, la sivyo watakudai nyuma.

Mama, Coventry