Naomba ushauri: chanjo ya sindano moja inayotoa dozi zake kwa awamu

Habari zenu wakuu. Naandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili katika famasia, kuhusu chanjo inayochomwa mara moja tu, kisha dozi za nyongeza zikajiachia zenyewe mwilini baada ya wiki au miezi. Jambo hili liko moyoni mwangu, maana watoto wengi hupata dozi ya kwanza na hawarudishwi tena.

Nimechagua chembechembe za polima (kitu cha jamii ya plastiki) iitwayo PLGA, ambayo mwilini huvunjika polepole ikawa asidi laktiki na asidi glikoliki. Hapo ndipo nilipokwama: asidi hiyo hujikusanya ndani ya chembe na kuharibu protini ya chanjo kabla haijatoka, tena ikiwa kwenye joto la nyuzi 37 muda wote. Wapo wanaochanganya magnesiamu haidroksaidi kuizimua. Vile vikasha vidogo vyenye kifuniko vya watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, vya mwaka 2017, vinavyotoa dozi kwa mkupuo wakati uliopangwa, navipenda zaidi, ila kuvizalisha kwa wingi naona ni kazi nzito.

Mliowahi kushughulika na protini, nianze na kizimua asidi au nibadili polima kabisa? Na kwa kinga ya kudumu, mkupuo ni bora kuliko kuvuja kidogo kidogo?