Naomba ushauri: modeli ya nguvu ya mkato kwenye viungo vya boriti na nguzo

Wahandisi, habari za kazi. Nimefundisha XGBoost (programu inayojifunza kutoka data kwa kutumia miti ya maamuzi) kwa vipimo vya maabara vilivyochapishwa ili ikadirie nguvu ya mkato (mkato ni msukumo wa pande zinazopingana) ya viungo vya zege, pale boriti inapokutana na nguzo. Lengo ni kukagua majengo ya zamani upande wa Fort Portal, Uganda (eneo la Toro lilitikiswa na tetemeko 1966, tena 1994), hasa yasiyo na ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo) ndani ya kiungo.

Kinachonisumbua zaidi ni vielelezo (viungo vilivyojaribiwa maabara) ambavyo nondo za boriti zilianza kunyumbuka (kurefuka bila kurudi) kabla kiungo hakijapasuka. Hapo mkato uliopimwa umewekewa kikomo na nondo, si na kiungo. Nikiviacha, modeli inaupa wingi wa nondo za boriti uzito usiostahili. Nikivitoa, data inabaki kiduchu. Nitenganishe modeli mbili, au kwanza nitabiri aina ya uharibifu?

Halafu kugawa data. Kwa bahati nasibu, vielelezo pacha vya maabara moja huangukia pande zote mbili na R² (kipimo cha usahihi wa makadirio) inapendeza. Nikigawa kwa maabara, inaporomoka. Naiamini hii ya pili.

Nguvu ya zege iliyopimwa kwa mchemraba nimeizidisha kwa 0.8 ilingane na ile ya silinda. Ila zege letu likishuka chini ya MPa 20, data ni haba, na miti ya maamuzi haitabiri nje ya ilichokiona. Je, nifundishe uwiano wa kipimo kwa fomula ya ACI 318 (kanuni za zege za Marekani), yaani γ√f'c mara eneo la kiungo (γ ni kizidishi cha aina ya kiungo, f'c ni nguvu ya zege ya silinda), badala ya nguvu yenyewe? Aliyejaribu anisaidie.