Naomba ushauri: Kumuuguza kaka yangu nyumbani baada ya upasuaji wa ubongo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kaka yangu, mkaazi wa Wete, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo Muhimbili, akamalizia tiba ya mionzi Ocean Road, na sasa amerudi nyumbani na shida ambazo hatukuandaliwa kuzikabili. Kwa kuwa uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, maneno humpotea: akitaka birika hutaja mlango, kisha hukasirika tunapomletea kitu sicho. Mkono wa kulia umelegea, na kifafa kinadhibitiwa kwa vidonge ambavyo havifai kukatishwa ghafla, jambo linalonitia hofu kila vinapokaribia kwisha.

Majirani husema amebadilika tabia, nami huumia, maana hayo ni maradhi, si moyo wake.

Naomba waliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii wanieleze mazoezi ya kuzungumza yanayowezekana nyumbani, na jinsi ya kumpangia siku kulingana na nguvu zake mwenyewe, kwani ni seremala na bado anatamani kushika randa. Wifi yangu naye halali usiku. Je, hapa Pemba yupo mtaalamu wa kuzungumza na wifi huyu?