Naomba ushauri: lafudhi za Kiingereza nianzie wapi?

Chaki Nyeupe: Wakuu, naandaa vipindi viwili vya kidato cha tano kuhusu chimbuko la lafudhi za Kiingereza. Mbona R ya "car" haisikiki London, ilhali Wamarekani wengi wanaitamka wazi? Na wanafunzi wazitofautishe vipi kwa kusikiliza tu?

Irabu Tupu: Geuza swali, mkuu. Wamarekani hawakuongeza kitu, London ndiyo iliyoacha. Walowezi walipofika Virginia mwaka 1607, R ilitamkwa karibu Uingereza nzima. Kusini-mashariki ilififia baada ya irabu, hasa karne ya 18; mwaka 1791 John Walker, mtunzi wa kamusi ya matamshi, alikwishaandika kwamba R ya London ni laini. Boston, bandari iliyofungamana na London, nayo ikaiacha. Australia ilianza kupokea Waingereza mwaka 1788, wengi wa kusini-mashariki, ndiyo maana R hiyo huko hamna. Uskoti, Ireland na Bristol bado wanayo.

Sikio la Tatu: Darasani tumia maneno matatu: "car", "bath", "cup". Waandike wanachosikia kwa tahajia ya Kiswahili.

"Kaa, baath, kap" ni kusini-mashariki. "Kaa, bath, kup" ni Leeds au Manchester: kusini waligawa U yao ikawa sauti mbili karne ya 17, baadaye wakarefusha A, kaskazini hawakufuata. "Kar, bath, kap" ni Marekani au Uskoti. Hapo ongeza "water", maana T ya Mmarekani itasikika kama R yetu ya Kiswahili.

Angalizo: "car" iwe mwisho wa sentensi. Kwenye "car is" Mlondon huirudisha R kwa sababu irabu imefuata, zoezi lote likavurugika. Watangazaji wa habari waache, wengi hupunguza lafudhi ya kwao.

Chaki Nyeupe: Asante sana. Liverpool je? "Kup" ipo, lakini si Manchester kabisa.

Irabu Tupu: Sikiliza K ya mwisho: "back" hukaribia "bakh", kh ile ya Kiarabu. Waairishi walifurika pale wakati wa njaa iliyoanza 1845. Kwenye sensa ya 1851, zaidi ya mkazi mmoja kati ya watano alizaliwa Ireland. Ila usiwaambie wanafunzi kila kitu kimetoka huko. R ya "car" Waairishi walikuja nayo, na Liverpool haikubaki.