Je, Hajiri alistahili kufukuzwa? Naomba tuufungue upya mjadala huu

Wakuu, nimeona mjadala wa juzi juu ya Hajiri, mjakazi Mmisri wa Sara aliyemzalia Ibrahimu mwana, Ishmaeli, kisha akafukuzwa pamoja naye, umefungwa kwa kauli moja: kwamba Wayahudi wanamhesabu kuwa mtumwa mkaidi aliyestahili kufukuzwa. Wakristo kadhaa wakaunga mkono, Waislamu wakaumia, basi ikaishia hapo. Mimi nasema kauli hiyo si kweli, na naomba nipewe nafasi nieleze.

Hili la Hajiri kuwa mfano wa utumwa na Sara mfano wa uhuru tumelitoa kwa Paulo, Wagalatia sura ya 4. Marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, hawakupita njia hiyo. Walibaki na kisa chenyewe, Mwanzo 16 na 21, wakakichambua neno kwa neno, na walichokikuta hakikuwaacha na amani.

Mwanzo 16:6 inasema Sarai (ndiye Sara, kama Abramu alivyo Ibrahimu) alimtesa Hajiri hadi akakimbia. Alimtesaje? Torati imenyamaza. Bereshit Rabba, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, unajaribu kujibu. Mmoja anasema alimzuia asilale na Abramu. Mwingine anasema alimpiga usoni kwa kiatu. Mwingine tena anasema alimbebesha ndoo na mataulo kwenda nayo bafuni. Zitazameni hizo ndoo. Mwanamke mwenye mimba ya bwana wa nyumba anabebeshwa maji ya kuogea ya bibi yake, ili asisahau yeye ni nani. Mtu anayetaka kumsafisha Sara hatungi picha ya namna hiyo. Hawa waliiandika huku wakimwita Sara mama yao.

Kisha akaja Ramban, yaani rabi Moshe ben Nahman, mfafanuzi wa Torati aliyezaliwa Girona, Hispania, mwaka 1194. Juu ya mstari huohuo aliandika bila kuzunguka: mama yetu alikosa kwa mateso haya, na Ibrahimu naye alikosa kwa kumwachia afanye hivyo. Radak wa Narbonne, mfafanuzi mwingine aliyemtangulia kidogo, naye alisema Sara hapa hakutenda kwa uadilifu wala kwa ucha Mungu. Hawa si waasi wa dini. Ramban huchapwa kando ya Torati mpaka leo, na Wayahudi washika dini husoma maelezo yake.

Upande wa pili siufichi. Rashi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105), naye mfafanuzi wa Torati, anapofika pale Hajiri anapotangatanga jangwani, anasema alirudia sanamu za nyumba ya baba yake. Ni maneno makali kwa mama aliyetolewa asubuhi na mapema na mkate na kiriba cha maji. Lakini Rashi huyohuyo, kwenye Mwanzo 25:1, anasema Ketura, mke aliyeolewa na Ibrahimu baada ya Sara kufa, ni Hajiri mwenyewe. Aliitwa Ketura kwa kuwa matendo yake yalikuwa mazuri kama ubani, *ketoret* kwa Kiebrania, na kwa kuwa tangu aondoke hakulala na mwanamume mwingine. Na aliyekwenda kumleta arudi ni Isaka, mtoto wa Sara! Rashbam, mjukuu wa Rashi, alikataa, na mfafanuzi Ibn Ezra pia: Ketura ni Ketura, Hajiri ni Hajiri.

Najua wengi watampenda Rashi hapa. Mimi nasimama na Ramban. Kisa cha Ketura kina harusi, jina jipya na harufu nzuri, lakini kinamtaka Hajiri awe amejitunza miaka yote kwa ajili ya mtu aliyemtoa nje na mtoto. Kosa halitajwi popote. Ramban hampi harusi. Anakiri kwamba alidhulumiwa, na kwamba Mungu alisikia.

Someni tena sura zile mbili. Sara hamtaji kwa jina hata mara moja, wala Ibrahimu. Ni "mjakazi wangu", "mjakazi wako", "mjakazi huyu". Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, kwenye chemchemi. Nyumbani kwetu msichana wa kazi alikaa miaka mitatu akiitwa "dada" tu. Jina lake nililiona siku anaondoka, limeandikwa kwa kalamu kwenye begi lake. Tangu hapo siwezi kuipita sura hii haraka.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu:

Dada mmoja wa Mombasa ameandika kwamba katika Uislamu Hajara hakutupwa. Ibrahimu alimpeleka kwa amri ya Mungu, na mahujaji hufuata nyayo zake kati ya vilima vya Safa na Marwa, Makka. Nimekuelewa, dada, na sina la kupinga.

Ndugu mwingine amenibana: mbona Ramban anamalizia kwa kusema kwamba Mungu alimpa Hajiri mwana ambaye angeutesa uzao wa Sara? Kweli kaandika hivyo, na hapo simfuati. Tena hapo namjibu kwa Rashi niliyemwacha. Rashi anasimulia, kwenye Mwanzo 21:17, malaika wakimlalamikia Mungu juu ya Ishmaeli: huyu ambaye uzao wake utawaua wanao kwa kiu, unamfungulia kisima? Mungu akawauliza: sasa hivi yeye ni nani, mwema au mwovu? Wakasema, mwema. Akajibu kwamba anamhukumu mtu kwa matendo yake ya sasa.

Na siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya wao, siku wanayoamini kuwa ya hukumu, kinachosomwa sinagogi ni Mwanzo 21: kiriba kimekwisha maji, mtoto yuko chini ya kichaka, mama amekaa mbali asimwone akifa. Anayesema wanamdharau Hajiri anijibu hili: kwa nini siku hiyo wanamsikiliza akilia?