XDMCP, VNC, xrdp au X2Go: ipi ibebe deskitopu 20 za thini klaienti?

chumba_cha_kompyuta

Wakuu, habari za leo. Chumba ni cha shule: thini klaienti 20, yaani visanduku vidogo vya kuonyesha deskitopu iliyoko kwenye seva, aina ya Dell Wyse 3040 (RAM GB 2, hifadhi ya ndani ya eMMC GB 8), seva moja ya Debian 12 yenye RAM GB 32, swichi ya poti 24 za Mbps 100 na poti mbili za gigabiti. Deskitopu ni Xfce (mazingira mepesi ya madirisha ya Linux). Wanafunzi wanatumia LibreOffice na Firefox, video mara chache.

Seva ina UPS, visanduku havina, na umeme unakatika mara kwa mara. Kwa hiyo sharti la kwanza: umeme ukirudi, mwanafunzi aikute kazi yake pale alipoiacha. La pili: nywila zisipite wazi kwenye kebo. Kati ya njia hizo nne za kuleta deskitopu ya seva kwenye kisanduku, mngechagua ipi, na mngeipangaje?

kebo_na_pini

Mkuu, kwa sharti la kwanza XDMCP imeshatoka. Humo seva ya X (programu inayochora kwenye kioo) inaendeshwa na kisanduku chenyewe. Mashine kuu inatuma maombi ya kuchora tu. Kisanduku kikizimika, programu zote zilizokuwa zinachora humo zinakufa hapo hapo, na faili ambalo halijahifadhiwa ndiyo basi tena. Kwa sharti la pili haifai pia: inaanzia UDP 177, inarudi kwa TCP 6000, na hakuna kinachosimbwa. Mtu akinasa pakiti anasoma kila kitufe kinachobonyezwa.

Kwenye video ndiyo inalemewa kabisa. Picha moja ya 1920×1080 kwa biti 32 ni takribani MB 8.3. Kebo ya Mbps 100 inapitisha MB 12.5 kwa sekunde, yaani fremu moja na nusu. Itifaki zinazobana picha hazina shida hiyo.

Ukikuta miongozo ya zamani inayosema andika `X -query` na kioo kinabaki cheusi, sababu yake ya kawaida ni kwamba tangu Xorg 1.17 ya 2015 seva ya X haisikilizi TCP mpaka uongeze `-listen tcp`.

fundi_xfce

Mimi ni xrdp bila kusita, kwa mtandao wa ndani kama huu. Sesheni (deskitopu ya mtumiaji na programu zake zilizo wazi) inaishi kwenye seva, kisanduku ni dirisha tu. Umeme ukirudi, mtumiaji akiingia kwa jina lile lile anaikuta LibreOffice ikiwa wazi.

Kwenye seva:

`apt install xrdp xorgxrdp`
`adduser xrdp ssl-cert`
`systemctl restart xrdp`

Mstari wa pili watu wanauruka. Bila huo xrdp haiwezi kusoma ufunguo ulioko `/etc/ssl/private`, TLS (usimbaji wa mawasiliano) haifanyi kazi, na malalamiko yanajaa kwenye `/var/log/xrdp.log`. Kisha kila mtumiaji awe na faili la `~/.xsession` lenye neno moja: `xfce4-session`.

Kwenye kisanduku, Debian ndogo yenye Xorg na freerdp2-x11, halafu skripti inayojirudia:

`while true; do xfreerdp /v:10.0.0.5 /u:"$jina" /f /bpp:32 /rfx /cert:tofu; sleep 3; done`

Jina na nywila viulizwe na `zenity --password --username` ndani ya mzunguko huo huo, visiandikwe ndani ya skripti.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, usiwe unabadilisha `/bpp` (biti za rangi). Kwa sera ya kawaida ya sesman (sehemu ya xrdp inayosimamia sesheni), mtumiaji yule yule akija na biti tofauti anafunguliwa sesheni mpya, naye atadhani kazi imepotea kumbe ipo kwenye sesheni ya zamani. Pili, akaunti moja isitumiwe na wawili. Wa pili akiingia anamnyang'anya wa kwanza kioo. Tatu, mtumiaji aliyeingia kwenye seva moja kwa moja, akiingia tena kwa xrdp, mara nyingi anapata kioo cheusi. Atoke kule kwanza.

Zima na kivuli cha madirisha, kinatafuna mtandao bure:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`

bandari_net

xrdp nakubali kwa ndani ya chumba, lakini X2Go msiitupe. Inapita ndani ya SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva), poti 22 peke yake, kwa hiyo usimbaji hauhitaji vyeti wala poti ya ziada kwenye fayawoli. Kiungo kikikatika sesheni inasimamishwa na kuendelea baadaye. Mwalimu anayeingia kutoka nyumbani kwa bando la simu ataona tofauti kubwa: chagua ADSL kwenye mipangilio ya kasi, na maandishi yanakwenda vizuri.

Udhaifu wake ni video, na deskitopu nzito. GNOME ya sasa haifai humo. Xfce na MATE hazina tatizo. Kwenye seva ni `x2goserver` na `x2goserver-xsession`.

chumba_cha_kompyuta

Asanteni sana. VNC je? Na kuna anayenishauri LTSP, kwamba visanduku vijiwashe kupitia mtandao.

kebo_na_pini

VNC nayo inatunza sesheni, ila nywila yake ya kawaida inahesabu herufi 8 tu, za ziada hazisomwi, na haina sauti. Unapanga pia namba ya kioo kwa kila mtumiaji (`:2` ni poti 5902, na kuendelea), kwa watu 20 ni usumbufu. Mahali pake ni mwalimu kutazama kioo cha mwanafunzi: sesheni za xrdp zinaanzia `:10`, basi kwa akaunti ya mwanafunzi huyo `x11vnc -display :10 -localhost -viewonly`, kisha mwalimu apite kwa SSH.

fundi_xfce

LTSP iliyoandikwa upya 2019 inaendesha programu kwenye kisanduku chenyewe. Kwa GB 2 na Firefox ya leo, vichupo vichache vinatosha kukigandisha. Na umeme ukikatika, kazi iliyoko kwenye RAM ya kisanduku imepotea. Sharti lako la kwanza linavunjika.

bandari_net

Hapo nakupinga kidogo. LTSP inaweza kuwasha kisanduku kwa mtandao halafu kikafungua xfreerdp tu. Picha moja ya mfumo unaisahihisha kwenye seva badala ya kuzunguka eMMC 20. Kwa chumba chenye mtu mmoja wa kukihudumia, hiyo ni nafuu kubwa.

fundi_xfce

Kwa namna hiyo sawa, sina pingamizi.

Mkuu, seva ichomekwe kwenye poti ya gigabiti ya swichi. Ikikaa kwenye Mbps 100, watu 20 wanagawana kebo moja, kila mmoja Mbps 5. Na RAM iwekee mipaka, la sivyo mmoja mwenye vichupo 30 anawaangusha wote. Tengeneza `/etc/systemd/system/user-.slice.d/50-ram.conf`:

`[Slice]`
`MemoryHigh=1200M`
`MemoryMax=1400M`

Mara 20 ni GB 28, seva inabaki na GB 4 zake. Baada ya hapo `systemctl daemon-reload`.

kebo_na_pini

Na kama utasakinisha Debian kwenye eMMC: Wyse 3040 inaanza kwa UEFI tu, na baada ya usakinishaji wa kawaida mara nyingi inadai hakuna diski. Inatafuta `/EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Tumia hali ya kitaalamu ya kisakinishi na ukubali GRUB (kianzishi cha mfumo) iwekwe pia kwenye njia ya diski za kuchomoa. Nywila ya kiwandani ya BIOS ni `Fireport`. Ibadilishe kabla wanafunzi hawajaijua. Monita zikiwa za HDMI, andaa adapta 20 za DisplayPort, maana kisanduku hakina tundu lingine la picha.